Kupima Upya: Injini ya Nje kwenye Boti ya Kasi ya Zamani

Hotuba kwa mafundi, manahodha na wenye boti, Entebbe

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu wa gatini, mafundi wenzangu, manahodha na wenye boti mliofika kutoka Gaba, Munyonyo, Port Bell na Jinja: nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kusema mbele yenu. Nimeombwa nieleze namna ya kufunga injini ya nje kwenye boti ya kasi iliyoundwa miaka thelathini, arobaini au zaidi iliyopita. Ninalotaka kulitetea leo ni kwamba injini mpya haiwezi kurithi vipimo vya injini iliyoondolewa. Matundu ya zamani kwenye tezi, yaani nyuma ya boti, propela iliyokuja nayo, na kimo alichokichagua fundi wa kwanza, vyote vilifaa injini nyingine, yenye uzito mwingine, na mara nyingi katika maji mengine. Sisi tunapaswa kupima upya, kwanza nchi kavu na baadaye ziwani.

Boti nyingi za aina hii ni wazao wa umbo la V ya kina, ambapo sehemu ya chini ya boti imechongoka kama herufi V, lililokuzwa na Mmarekani Raymond Hunt, umbo ambalo lilipata sifa mwaka 1960 wakati boti iitwayo Moppie iliposhinda mashindano ya baharini kutoka Miami hadi Nassau katika maji yaliyochafuka. Pembe ya V hiyo haipotei kuelekea nyuma. Hata kwenye tezi hufika digrii 20 na kuzidi, na ndiyo maana boti hukata wimbi badala ya kulipiga. Nyingine, hasa zile fupi na nyepesi za mbio, zina ukanda bapa mwembamba katikati ya sehemu ya chini, na zikishika kasi kubwa hubebwa na ukanda huo karibu peke yake. Kwenye mtumbwi wa Ssese hakuna anayejali kama injini imekaa sentimita mbili juu au chini ya mahali pake. Kwenye boti hizi sentimita mbili hizo, au kilo thelathini za ziada nyuma, nahodha huzihisi mara moja kwenye usukani.

Tuanze na tezi, kwa sababu huko ndiko pesa nyingi hupotea. Ubao wa tezi, yaani ule ukuta wa nyuma unaobeba injini, katika boti nyingi za faibaglasi za enzi hizo ni plaiwudi iliyofunikwa pande zote mbili. Kwa nje huendelea kung'aa, ilhali ndani maji yamekwisha kupenya kupitia tundu la bolti ambalo halikuzibwa sawasawa, au kupitia tundu la kutolea maji, na plaiwudi imelainika. Gonga kwa nyundo ndogo ya plastiki kuanzia juu hadi chini: penye afya hutoa mlio mkavu, palipooza hutoa mlio mzito usio na mwangwi. Kisha, ikiwa injini ya zamani bado imefungwa, ushike mguu wake, yaani sehemu ya injini inayoshuka majini, uusukume juu na chini huku mwenzako akitazama ukingo wa juu wa tezi. Akiuona ubao unapinda, au nyufa zinafunguka kwenye pembe, mazungumzo ya injini mpya yaahirishwe. Ushahidi wa mwisho hupatikana kwa kutoboa matundu madogo kutokea ndani, sehemu ya chini ambako maji hukusanyika, na kuutazama unga unaotoka kwenye keekee. Unga mkavu wenye rangi ya mbao ni dalili njema. Unga mweusi unaoshikamana na vidole maana yake ni kwamba ubao umeoza, hata kama rangi ya nje imepigwa jana. Matundu hayo ya uchunguzi huzibwa kwa epoksi, ile gundi inayokauka ikawa ngumu, siku hiyohiyo.

Wapo wanaoamini kwamba bamba nene la chuma lililochomelewa Katwe, kule kwa mafundi wa vyuma wa Kampala, moja nje na jingine ndani, linaweza kuubana ubao uliooza na kuufanya utumike miaka mingine. Nawaheshimu sana mafundi wa Katwe, lakini bamba hueneza mzigo tu, na mzigo uliosambazwa juu ya mbao laini huziponda mbao zote badala ya kuziponda mahali pamoja. Bolti hulegea, mtu huikaza tena, ubao huzidi kubonyea, na mchezo huo huendelea hadi siku ya wimbi kubwa. Tiba yake ni kuikata ngozi ya ndani, kuondoa mbao zote zilizooza mpaka ufikie zilizo kavu, kuweka plaiwudi ya majini kwa tabaka zilizogundishwa kwa epoksi, na kufunika upya kwa faibaglasi inayopanda hadi kwenye mbavu na sakafu. Kazi hiyo ni chafu na ya kuchosha, nayo haionekani ikimalizika, jambo ambalo huwafanya wateja wengi waichukie.

Ubao ukiwa mzima, linakuja suala la matundu. Injini kubwa za siku hizi hufuata mpangilio mmoja wa bolti, matundu ya juu yakiwa yameachana kwa takriban milimita 327 na ya chini kwa takriban milimita 250. Si injini zote za miongo ya nyuma zilizoufuata. Usilazimishe tundu la zamani kwa kulitanua. Lizibe kwa kijiti cha mbao ngumu na epoksi, liache likauke, kisha toboa jipya kwa mahesabu. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, za nusu inchi kwa injini kubwa, zenye washa pana au bamba upande wa ndani, na kila tundu lizibwe kwa gundi ya poliyurethani ya majini. Silikoni ya madirisha iacheni kwa mafundi wa madirisha.

Kuhusu nguvu na uzito, kuna jambo moja la kihistoria ambalo humkosesha mnunuzi. Boti ndogo zilizoundwa Marekani tangu mwishoni mwa mwaka 1972, zenye urefu usiofikia futi 20, hubeba kibao kinachotaja uzito na nguvu za juu kabisa zinazoruhusiwa. Lakini hadi katikati ya miaka ya 1980 watengenezaji wengi walitaja nguvu zilizopimwa kwenye mtambo wenyewe, kabla ya gia na shafti kula sehemu yake, na baadaye ndipo walipohamia kwenye nguvu zinazopimwa kwenye shafti ya propela. Kwa hiyo nguvu 150 za farasi za mwaka 1978 na nguvu 150 za leo si kitu kimoja, na mtu anayebadilisha namba kwa namba anaiongezea boti nguvu bila kujua. Sisemi kwamba ni kosa kufunga injini iliyo chini ya namba ya kibao. Kwa boti yenye umri mkubwa naona ni busara.

Uzito ndio mgumu zaidi. Injini ya V6 ya mipigo miwili ya miaka ya 1980 na 1990, yenye nguvu 200, ilikuwa na takriban kilo 185. Injini ya mipigo minne ya nguvu hizohizo leo huzidi kilo 210. Tofauti hiyo inaning'inia nyuma kabisa, mahali ambapo kila kilo ina mkono mrefu. Boti huketi kwa tezi ikiwa imesimama, matundu ya kutolea maji huzama, omo, yaani mbele ya boti, hukawia kushuka wakati wa kuondoka, na ikishika kasi huanza kudunda, omo likipanda na kushuka bila wimbi lolote. Kabla ya kulaumu injini, hamisha unachoweza kuhamisha: betri mbili zikitolewa kwenye tezi na kupelekwa chini ya kiti cha mbele ni kama kilo hamsini zilizogeuza upande. Tangi la mafuta nalo lihesabiwe, kwa kuwa lita 100 za petroli ni zaidi ya kilo 70.

Sasa kimo. Miguu ya injini huuzwa kwa urefu unaokaribiana na inchi 15, 20 na 25, na kosa la kuchagua mguu usiofaa haliwezi kufichwa na ufundi wowote. Pima kutoka ukingo wa juu wa tezi hadi chini kabisa ya V, ukifuata mteremko wa tezi yenyewe. Kisha chukua ubao ulionyooka, uuweke chini ya boti kando ya mkuku, yaani uti wa chini wa boti, ukiwa umetokeza nyuma, na ulinganishe na bamba bapa lililo juu kidogo ya propela, ambalo kazi yake ni kuzuia propela isivute hewa kutoka juu ya maji. Tutaliita bamba la hewa. Kwa boti ya V ya kina isiyo na nyongeza yoyote, anza na bamba la hewa likiwa sambamba na chini ya mkuku au milimita 25 juu yake. Ikiwa boti ina ule ukanda bapa niliousema, kipimo chako kianzie kwenye ukanda huo, na wengi wanaozijua boti hizo hawahangaiki na bamba la hewa hata kidogo. Hupima kutoka katikati ya shafti ya propela hadi usawa wa ukanda, wakianza na inchi nne au tano na kupandisha taratibu.

Wengi mmeniuliza kuhusu jeki ya tezi, kile kipande cha alumini kinachoisogeza injini nyuma na kuiwezesha kupandishwa. Faida yake ni ya kweli: injini iliyosogezwa nyuma hukutana na maji yaliyokwisha kuinuka baada ya kupita chini ya boti, kwa hiyo inaweza kupandishwa zaidi, kwa makadirio ya mafundi takriban inchi moja kwa kila inchi kumi za kurudi nyuma, na mguu unaoburutwa majini unapungua. Lakini kila sentimita ya kurudi nyuma huongeza nguvu inayoupinda ubao wa tezi, na huzidisha uzito wa nyuma ambao tumetoka kuulalamikia. Kwa boti yenye injini nzito ya mipigo minne na tezi ya asili, mimi ningeacha jeki kwanza, nijaribu boti bila hiyo, na kuinunua tu ikiwa vipimo vya ziwani vinaidai.

Nimefika mahali ambapo ningependa tukae kidogo, kwa sababu vitabu vya injini haviliandikii ziwa letu. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi, na injini isiyosukumiwa hewa kwa mtambo maalumu hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Ina maana kwamba injini iliyoandikwa 150 inatupa kama 133 tunapotia nanga hapa Entebbe, nayo haina ugonjwa wowote. Mtu aliyeleta boti kutoka Mombasa na propela yake huona inashindwa kuinuka juu ya maji ikiwa na abiria wanne, anabadilisha plagi, anafungua kabureta, anamlaumu muuza petroli, na kumbe anachohitaji ni propela nyingine.

Mwinuko wa propela, yaani umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa mbao, ukipunguzwa kwa inchi moja huongeza mizunguko ya injini kwa takriban 150 hadi 200 kwa dakika. Kwa ziwa hili mimi huanza na propela yenye mwinuko uliopungua kwa inchi moja au mbili kuliko ile ambayo kitabu kinapendekeza kwa pwani. Shabaha ni kwamba, boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida na mafuta yamefunguliwa yote, injini ifike ndani ya eneo la mizunguko lililotajwa na mtengenezaji, karibu na ukingo wa juu. Kwa injini ambayo eneo lake ni 5,000 hadi 6,000, kuishia 4,700 ni kuitesa: inabeba mzigo mzito kwa mizunguko michache, joto hupanda ndani ya silinda, na pistoni hulipa.

Wenye injini za mipigo miwili zenye kabureta wana kazi ya ziada. Katika hewa nyepesi mchanganyiko huwa na petroli nyingi kuliko hewa, plagi hupata masizi, na dawa yake ni jeti ndogo zaidi, yaani vile vipande vyenye tundu vinavyopima petroli ndani ya kabureta. Hiyo ni sawa, ila boti hiyo ikiwekwa kwenye trela na kupelekwa Ziwa Albert, ambalo liko mita mia sita na kidogo tu juu ya bahari, jeti zilizofaa Entebbe zitaifanya injini ikose petroli ya kutosha, na injini ya aina hii ikikosa petroli hukosa pia mafuta ya kulainisha yaliyochanganywa humo. Pistoni hutoboka kwa dakika chache za kasi. Jeti za kila ziwa ziwekwe kwenye kopo lake na ziandikwe. Injini zenye kompyuta hujirekebisha zenyewe upande wa petroli. Nguvu iliyopotea haziwezi kuirudisha.

Ili kujua kama propela inashika maji, hesabu ni nyepesi. Chukua mfano wa injini inayozunguka mara 5,500 kwa dakika, yenye uwiano wa gia wa 1.86 na propela ya mwinuko wa inchi 21. Shafti inazunguka mara 2,957, na kama hakuna kuteleza boti ingekwenda karibu kilomita 95 kwa saa. GPS ikisoma 82, kuteleza ni kama asilimia 13, na hiyo ni hali nzuri. Ikisoma 70, propela inashika hewa, au injini iko juu mno, au propela yenyewe imepinda. Propela ya panga nne hushika vizuri zaidi injini ikiwa imepandishwa na hutulia kwenye kona, ingawa hula kasi kidogo ya juu. Chuma kisichoshika kutu hakipindi kirahisi na huongeza kasi, lakini kikigonga jiwe hupeleka pigo lote kwenye gia, hivyo kwa wanaoingia na kutoka kwenye fukwe zenye mawe alumini bado ina nafasi yake.

Usukani siwezi kuupitia haraka. Boti ya V ya kina ikipita kasi fulani huanza kuyumba ubavu kwa ubavu, kwanza polepole, kisha kwa nguvu, na nahodha anayejaribu kuifuata kwa usukani uliolegea huizidisha. Waya mmoja wa zamani wenye nafasi ya kucheza haufai kwa boti inayokaribia kilomita 80 kwa saa. Ishike injini kwa mikono miwili na uitikise kushoto na kulia, usukani ukiwa umeshikiliwa na mwenzako. Kama injini inacheza, rekebisha kabla ya kuwasha. Mfumo wa mafuta ya haidroliki, au waya mbili zinazovutana, ndio unaofaa. Kamba ya kuzimia injini ifungwe kwenye mwili wa nahodha kila safari, na swichi yake ijaribiwe, maana katika boti za umri huu mara nyingi swichi ipo na waya wake umekatika.

Mengine nayataja tu. Mipira ya petroli ya zamani itupwe yote, na kichujio kinachotenganisha maji kiwekwe, hasa kwa sisi tunaojaza kwa jerikeni. Nyaya za betri ziwe na unene unaolingana na urefu wake. Na kwa kuwa maji yetu hayana chumvi, vipande vya kinga dhidi ya kutu viwe vya magnesi au alumini. Zinki iliyozoeleka baharini hufanya kazi vibaya katika maji yasiyo na chumvi.

Majaribio ya ziwani yafanyike alfajiri, kabla upepo wa ziwa haujaamka, katika ghuba iliyotulia. Watu wawili wanatosha, wote na makoti ya kuokolea: mmoja anaendesha, mwingine anaandika. Endesha kwenda na kurudi njia ileile ili upepo usikudanganye, na uandike kasi ya GPS, mizunguko na shinikizo la maji ya kupoza. Geji hii ya mwisho ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Injini ikipandishwa, matundu yanayovuta maji ya kupoza hukaribia uso wa maji, na hapo ndipo kichwa cha injini huungua bila nahodha kusikia lolote. Pandisha injini tundu moja la bolti kwa wakati, takriban milimita 19, rudia mbio zilezile, na uzungushe boti kona kali kila mara. Kasi itaongezeka kidogo kidogo, kisha itafika siku propela inapiga kelele kwenye kona au shinikizo linashuka chini ya kiwango cha kitabu. Rudi tundu moja chini, na hapo pafunge. Shinikizo likishuka ghafla wakati kimo hakijabadilishwa, zima na utazame matundu ya maji kwanza. Magugumaji huziba kwa sekunde moja kile ambacho pampu haiwezi kukizibua.

Baada ya saa chache za kwanza za kazi, bolti zote za tezi zikazwe tena, na mafuta ya gia yakaguliwe: yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia na sili inahitaji kubadilishwa. Andikeni vipimo vya mwisho, yaani tundu, propela, mizunguko na shinikizo, kwa rangi isiyofutika ndani ya kifuniko cha injini, ili fundi atakayefuata ajue boti ilifungwa kwa ziwa gani na kwa mzigo gani. Ndugu Mwenyekiti, boti ya mafunzo iko pale nje kwenye trela, tezi yake haijafungwa kitu bado. Naomba tupokee maswali kwa nusu saa, kisha twende na ubao ulionyooka na futi ya kupimia, kila kikundi kipime chenyewe kabla sijataja namba yangu.